KUMTAMBUA CHURA MGENI



Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa chura wa Asia amekwisha fanya maskani Toamasina, bandari ya Bukini, nchi ya karafuu kama yetu. Inasadikiwa aliingia na shehena za meli. Mnyama amlaye huweza kufa kwa sumu, na jike hutaga maelfu ya mayai.

Alama zake: matuta meusi ya mfupa kichwani, yapitayo juu ya macho, vipele vyenye ncha nyeusi, na tezi ya sumu nyuma ya kila jicho.

Tahadhari: vyura wetu pia wana vipele na tezi, nao hula wadudu, wasiuawe. Tazameni matuta meusi. Mwenye kumwona asimshike. Amfunike kwa ndoo, alete habari upesi.