Louis Vierne, Mpiga Kinanda Asiyeona

1. Kinanda cha filimbi

Mkaaji wa Njombe akikata mianzi miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akaitoboa na kuipuliza, ataona kwamba mwanzi mrefu hutoa sauti nene, na mwanzi mfupi hutoa sauti nyembamba. Wahunzi wa zamani wa Upangwa na Ukinga nao walijua jambo la pili: upepo ukikusanywa katika mivukuto na kubanwa, hutoka kwa nguvu pale unapoachiwa njia. Mambo hayo mawili, filimbi na mvukuto, yakiunganishwa, ndiyo asili ya kinanda kikubwa cha makanisa ya Ulaya.

Kinanda hicho si kama vile vidogo vilivyozoewa katika makanisa yetu, ambavyo watu wawili huweza kuvibeba. Ukubwa wake ni kama wa nyumba. Filimbi zake ni maelfu. Nyingine ni za mti, nyingine ni za bati na risasi. Zilizo fupi hazipiti urefu wa kidole, na zilizo ndefu hufikia karibu meta 10. Mpigaji huketi mbele ya safu za vibao vya vidole, safu moja juu ya nyingine. Chini ya miguu yake pana vibao vingine virefu, maana miguu nayo hupiga sauti zilizo nene. Kando yake pana vishikio vingi. Akivuta kimoja, kundi moja la filimbi hufunguliwa likalia kama zumari. Akivuta kingine, kundi jingine hulia kama tarumbeta. Basi mikono na miguu hufanya kazi pamoja, na kila kiungo kina njia yake.

Kinanda kimoja kilichosifiwa sana kimo katika kanisa kuu la Notre-Dame, mjini Paris, nchi ya Ufaransa. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1163, na urefu wake ni meta 128, yaani hupita uwanja wa mpira. Fundi mashuhuri Aristide Cavaillé-Coll alikijenga upya kinanda chake, kazi ikamalizika mwaka 1868. Kilikuwa na safu 5 za vibao vya vidole na makundi 86 ya filimbi. Kwa muda wa miaka 37 aliyekitawala kinanda hicho alikuwa mtu asiyeweza kusoma kitabu cha kawaida kwa macho yake. Jina lake Louis Vierne.

2. Mtoto wa Poitiers

Louis Vierne alizaliwa katika mji wa Poitiers tarehe 8 Oktoba 1870. Wazazi wake waligundua mapema kwamba mtoto wao haoni, kwa kuwa alizaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Alipokuwa bado mdogo waganga walimpasua macho, naye akapata nuru kidogo: aliweza kutambua maumbo ya watu na vitu, na kusoma herufi kubwa sana zikiwekwa karibu na uso wake. Zaidi ya hapo hakuona kamwe.

Walakini masikio yake yalikuwa makali. Mtu akitaka kufahamu jambo hilo, na asimame katika kituo cha Makambako, penye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, kisha afumbe macho. Kwanza atasikia makelele tu. Baadaye kidogo atatambua gari moshi, na lori linalopanda kilima, na mwanamke anayeuza ndizi, na mtoto anayelia. Tena atajua kila kimoja kiko upande gani. Wenye macho husahau kutumia zawadi hii. Mtoto Vierne hakuisahau, maana ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuujua ulimwengu. Mjomba wake, Charles Colin, aliyekuwa mwanamuziki, aliuona uwezo huo akawashauri wazazi wamfundishe mtoto muziki.

3. Shule ya wasioona

Mjini Paris palikuwa na shule ya vijana wasioona. Vierne aliingia humo akiwa mtoto, akafundishwa kusoma, kuandika, kupiga kinanda na fidla.

Yafaa kujua jinsi asiyeona anavyosoma. Katika shule hiyo hiyo, miaka mingi kabla ya Vierne, alisoma mvulana aliyeitwa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alichezea chombo chenye ncha katika karakana, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akawa kipofu. Alipokuwa kijana alitunga maandishi ya nukta zilizoinuka juu ya karatasi, ili vidole vizisome badala ya macho. Kila alama hutengenezwa kwa nukta zisizozidi 6, na kwa kubadili mpangilio wake hupatikana alama 63. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1829. Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani, kwa hiyo hakuandika herufi tu, bali alitafuta na njia ya kuandika muziki. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo kwa Kiswahili nukta nundu.

Mwenye macho huweza kutazama karatasi huku mikono yote miwili ikipiga. Asiyeona hawezi kufanya hivyo. Husoma nukta kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono wa pili. Kisha hubadilisha mikono. Kisha huongeza miguu. Mwishowe hana budi kuwa na wimbo wote moyoni, maana wakati wa kupiga hana mkono wa kusomea. Vierne alijifunza hivyo, mstari kwa mstari. Kazi yenyewe ilikuwa polepole, lakini alichokishika hakikumtoka.

Katika siku hizo mpiga kinanda mkuu wa Paris alikuwa César Franck. Vierne alimsikia akipiga, akavutwa sana. Mwaka 1890 alipokewa katika darasa la Franck kwenye Chuo cha Muziki cha Paris, lakini mwalimu huyo alifariki mwezi Novemba mwaka ule ule. Nafasi yake ilichukuliwa na Charles-Marie Widor, mtu mkali katika kazi. Aliwataka wanafunzi wake wawe sahihi katika kila kidole na kila kisigino. Vierne aliuvumilia ukali huo, na mwaka 1894 akapata tuzo ya kwanza ya kinanda.

4. Mpigaji wa Notre-Dame

Mwaka 1900 nafasi ya mpiga kinanda wa Notre-Dame ilikuwa wazi. Wengi waliitaka, nao walikuwa watu hodari wenye macho. Walipojaribiwa, Vierne alichaguliwa, tarehe 21 Mei.

Cheo kilikuwa kikubwa, lakini malipo yalikuwa madogo. Vierne alipata riziki kwa kufundisha, na wanafunzi wake wengi wakawa watu mashuhuri, kama vile Maurice Duruflé. Tena alitunga. Kazi zake kubwa ni simfonia 6 za kinanda. Ya kwanza aliimaliza mwaka 1899 na ya mwisho mwaka 1930. Alipotunga alitumia karatasi kubwa na penseli nene, akiinama mpaka uso unakaribia karatasi. Nuru ya macho ilipozidi kupungua, alitumia nukta nundu.

Hakuwasahau wapigaji wa makanisa madogo. Mwaka 1913 alitunga vipande 24 vinavyoweza kupigwa hata kwa kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu. Kimoja ni wimbo wa kubembeleza mtoto, alichompa binti yake Colette.

5. Misiba

Mwaka 1906 Vierne alianguka katika njia ya Paris, mguu wake ukavunjika vibaya hata ikahofiwa kwamba utakatwa. Mpiga kinanda asiye na mguu amepoteza nusu ya kazi yake. Mguu ulipona, walakini haukuwa kama zamani. Ilimbidi mtu mzima ajifunze upya kupiga vibao vya chini, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Baadaye ilikuja misiba iliyo mizito zaidi. Mwaka 1913 mwanawe André alikufa kwa kifua kikuu, naye alikuwa mtoto bado. Mwaka 1914 vita kuu ilianza. Mwaka 1916 Vierne alikwenda Uswisi ili macho yake yatibiwe. Alidhani atakaa miezi michache, akakaa mpaka mwaka 1920. Akiwa huko alipata habari kwamba mwanawe Jacques, aliyekuwa askari, amekufa mwaka 1917. Mwaka 1918 ndugu yake René, naye mpiga kinanda, aliuawa vitani.

Vierne alilia kama baba yeyote aliavyo. Kisha akaanza kutunga kazi kubwa ya piano na ala nne za nyuzi, kwa ukumbusho wa Jacques. Kwa mila za kwetu msiba huwa na nyimbo zake, ili walio hai wapate njia ya kutoa kilicho ndani ya mioyo yao. Vierne naye alifanya vivyo hivyo kwa desturi ya kwao.

6. Kazi ya kuokoa kinanda

Aliporudi Paris alikuta kinanda cha Notre-Dame kimechakaa. Vumbi lilikuwa limejaa, na filimbi nyingine hazikulia sawasawa. Fedha za kukitengeneza hazikuwepo. Basi mwaka 1927 Vierne alivuka bahari kwenda Marekani, mtu wa miaka 56 asiyeona na mwenye afya dhaifu, akapiga katika miji mingi na kukusanya fedha za kazi hiyo. Kinanda kilitengenezwa, kikafunguliwa tena mwaka 1932. Siku ile walipiga wawili: Vierne, na Widor mwalimu wake, aliyekuwa mzee wa miaka 88.

7. Siku ya mwisho

Jioni ya tarehe 2 Juni 1937 watu walikusanyika Notre-Dame kumsikiliza Vierne. Ilikuwa mara yake ya 1750 kupiga mbele ya watu kwa namna hiyo. Duruflé alisimama karibu naye ili kumsaidia kuvuta vishikio. Vierne alipiga tungo zake mwenyewe. Kisha alikuwa abuni muziki mpya papo hapo, juu ya wimbo aliopewa. Alipokuwa anaanza, aliinama ghafula, na mguu wake ukaangukia kibao kimoja cha chini. Sauti moja nene ikalia kanisani, wala haikufuatwa na nyingine. Watu waliokuwa chini hawakujua kilichotokea. Vierne alifariki akiwa na umri wa miaka 66.

Tarehe 15 Aprili 2019 moto mkubwa uliteketeza paa la Notre-Dame. Kinanda hakikuungua, lakini kilifunikwa na vumbi la risasi. Mafundi walifungua filimbi zipatazo 8,000, wakazisafisha na kuzirudisha. Mwezi Desemba 2024 kanisa lilifunguliwa tena, na kinanda alichokihangaikia Vierne kikasikika.

8. Neno la kufikiri

Katika vijiji vingi, mtoto asiyeona huketi uani siku zote, na wazazi husema, “Atafanya nini huyu?” Hawasemi hivyo kwa chuki, hawajaona mfano. Lakini mambo mawili yalimfungulia Vierne njia: jamaa aliyekitambua kipawa chake, na shule iliyojua jinsi ya kumfundisha. Yangekosekana hayo, juhudi yake peke yake isingefika popote. Tanzania nayo ina shule za namna hiyo. Ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Kwa hiyo mwanafunzi anayemjua mtoto asiyeona mtaani kwake asinyamaze. Na awaambie wazee wa nyumba hiyo, kwa adabu, kwamba shule ipo, na kwamba vidole huweza kusoma.

Maswali

1. Kwa nini filimbi ndefu na filimbi fupi hazitoi sauti moja? Jaribu kwa mianzi miwili.
2. Eleza jinsi asiyeona anavyojifunza wimbo wa kinanda.
3. Vierne alijifunza nini upya baada ya mwaka 1906? Kwa sababu gani?
4. Kwa nini alisafiri kwenda Marekani?
5. Fumba macho kwa muda wa dakika tano mahali penye watu, kisha andika sauti zote ulizozitambua.