SOMO: Vijidudu vya Udongo na Dawa ya Kuua Majani

Mkulima wa Kailo anayenunua dawa ya kuua majani, ili apumzike kidogo na jembe katika shamba la mpunga, hana budi kujiuliza: jioni, nikiosha pompi yangu, dawa iliyobaki itakwenda wapi?

Tukisikia neno vijidudu, wengi wetu tunafikiri habari za kuhara na vidonda. Lakini katika kijiko kimoja cha udongo mweusi mna mamilioni ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vingi si adui. Kazi yao ni kuozesha majani, miti na mizoga. Vingine huvunja hata dawa ya kuua majani na kuifanya chakula. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza kwamba katika udongo wa shamba la miwa huko Kenya wamepata kijidudu cha jamii ya Arthrobacter kinachovunja dawa iitwayo atrazini.

Huko Uswidi, tangu mwaka 1993, wakulima huchimba shimo mahali wanapojazia pompi. Chini hutandika udongo wa mfinyanzi, maji yasipite upesi. Juu yake hujaza mabua makavu ya nafaka, nusu nzima, pamoja na udongo wa shamba na mboji ya kinamasi. Kisha huotesha majani juu. Dawa ikimwagika hunaswa humo, na vijidudu pamoja na ukungu wa kuozesha mabua huila polepole. (Mabua ya mpunga hayatukosi hapa kwetu!) Shimo la namna hii liwe mbali na chemchemi.

Lakini fahamu vema: vijidudu hivi hufanya kazi katika udongo wa juu, wenye unyevu na joto, tena huhitaji siku nyingi. Ukiosha pompi kijitoni, dawa hushuka na maji mpaka pale mama anapojaza ndoo yake, kabla haijavunjwa. Kwa hiyo suuza bidoni mara tatu, maji hayo uyatie katika pompi, uyanyunyize shambani palepale. Kisha uitoboe bidoni, mtu asije akaiweka mawese au maji ya kunywa.

Na tumboni mwa mtu hakuna vijidudu vya kumwokoa. Dawa iitwayo parakwati, funda moja tu laweza kuua mtu mzima. Siku ya kwanza huenda akaonekana hana neno, baadaye mapafu yakaharibika. Wala hakuna dawa ya kuitangua. Mtoto akiinywa akidhani ni soda, usingoje kupambazuke. Mlete hospitalini saa ileile, na bidoni yenyewe uje nayo.