Maua ya Bustani Zetu: Namna ya Kuyakata na Kuyapanga Yadumu



Parokia nyingi hukutana na hoja moja kila zinapopanga bajeti: fedha za mapambo. Wapo wanaonunua maua mjini kwa kila sikukuu. Wapo wanaochagua ya plastiki, ambayo hupauka kwa jua na kushika vumbi. Wakati huohuo, nyuma ya nyumba za waamini, zinia, dalia na waridi huchanua na kukaukia shambani. Sababu inayotolewa ni kwamba maua ya nyumbani hayadumu: hupangwa Jumamosi, na Jumapili jioni yamekwisha kulala. Somo hili linaonyesha kwamba yanaweza kudumu siku kadhaa, tukikumbuka jambo moja tu: ua lililokatwa bado lina kiu. Kazi yetu ni kulisaidia linywe.

1. Kukata
Tukate alfajiri, wakati vikonyo vimejaa maji, au jioni jua likishatua. Tusikate mchana. Tuchukue kisu kikali na safi, na ndoo ya maji twende nayo bustanini, ili ua litoke kwenye mche na kuingia majini papo hapo. Tukate kwa mshazari, ili kikonyo kisiketi bapa chini ya chombo na kuziba.

Kila ua lina wakati wake. Waridi likatwe chipukizi linapoanza kufunguka. Dalia ingoje ichanue, kwa kuwa chipukizi lake halifunguki vizuri likishakatwa. Kwa zinia, tushike kikonyo kama sentimita 20 chini ya ua na kukitikisa polepole: kikisimama imara, limekomaa, kikipinda, tuliache siku chache. Haibiskasi tuliache bustanini, kwa maana huchanua siku moja tu na kujifunga.

Maua ya Krismasi yenye majani mekundu hutoa utomvu mweupe. Tuuguse mwisho wa kikonyo kwa mwali wa moto kwa sekunde chache ili utomvu ukome, na tunawe mikono kabla ya kugusa macho.

2. Kunywesha
Tuondoe majani yote yatakayozama. Jani likioza majini huzaa vijidudu, navyo huziba njia ya maji ndani ya kikonyo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya maua kunyauka ilhali chombo kimejaa. Kisha tuyaache ndani ya ndoo, kivulini, kwa saa kadhaa au usiku kucha kabla ya kuyapanga.

3. Kupanga
Chombo si lazima kinunuliwe. Jagi la kioo, kopo lililofunikwa kwa ukili, au chungu chenye kopo ndani yake (kwa kuwa chungu huvuja) vinatosha, mradi vimeoshwa kwa sabuni. Sponji ya kijani inayouzwa madukani tuiache: ni plastiki, haiozi, na vipande vyake huishia udongoni. Badala yake tukunje kipande cha wavu wa banda la kuku na kukisukuma ndani ya chombo. Kitashika vikonyo mwaka hadi mwaka.

Tuanze na majani. Huko Kilimanjaro liko isale, jani linalopandwa mipakani na kupelekwa kuomba msamaha. Hudumu muda mrefu majini, na waamini wanaelewa linasema nini. Kisha tuweke maua makubwa, 3 au 5, na mwisho madogo ya kujaza nafasi. Ua refu kuliko yote lifikie kama mara moja na nusu ya kimo cha chombo. Kwa kanisa la Kikatoliki, maua yakae kando ya altare, si juu ya meza yake.

4. Kutunza
Maji yabadilishwe kila baada ya siku 2, na vikonyo vikatwe tena kidogo. Katika lita 1 ya maji tunaweza kutia kijiko kidogo cha sukari na matone machache ya klorini ya kufulia. Sukari peke yake haifai, kwa kuwa hulisha vijidudu. Chombo kikae mbali na jua na mbali na ndizi mbivu: tunda linaloiva hutoa gesi inayozeesha maua haraka. Siku ya kutolea mavuno tulikumbuke hilo.

5. Kupanda kwa kalenda
Zinia huchukua kama siku 60 hadi 70 tangu kupandwa mbegu hadi kuchanua. Kwa Krismasi, tupande katikati ya Oktoba. Kwa Pasaka, tupande wiki 2 au 3 kabla ya Jumatano ya Majivu. Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Basi huo uwe muda wa kumwagilia, hata kwa maji yaliyooshea mboga.

Hatusemi haya kwa ajili ya kubana matumizi tu. Mjane asiye na sarafu ya kutia kapuni anaweza kuwa na mche wa waridi mlangoni pake. Tukinunua kila kitu, tunamnyima nafasi ya kutoa. Na Jumatatu, maua yaliyo bado na uhai yapelekwe kwa wagonjwa wa jumuiya, si jalalani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya
1. Ni maua na majani gani yanayoota kwetu, na yanachanua miezi gani?
2. Mwaka jana tulitumia kiasi gani kwa mapambo? Kiasi hicho kingefanya nini kingine?
3. Nani kati yetu hajawahi kuombwa atoe chochote, na anaweza kuombwa ua?