Mfahamu Nyoka wa Kinamasi Asiye na Madhara

Wakazi wa kandokando ya Kinamasi cha Yala, katika kaunti za Siaya na Busia, hukutana na nyoka wanapokata mafunjo, kuchota maji au kulima mpunga. Mara nyingi nyoka huyo huuawa papo hapo. Hata hivyo, si kila nyoka wa majini ni hatari. Katika maeneo oevu ya Ziwa Victoria huishi nyoka mdogo anayeitwa kisayansi Natriciteres olivacea, ambaye hana sumu ya kumdhuru binadamu.

Jinsi ya kumtambua

Ni mwembamba na kwa kawaida hafiki nusu mita. Magamba yake ni laini na yanang'aa. Mgongo ni wa kahawia au kijani kilichofifia, mara nyingi ukiwa na mstari mweusi zaidi katikati. Tumbo ni la manjano au rangi ya maziwa, na midomo ina vistari vyeusi. Hutembea mchana akiwinda vyura, viluwiluwi na samaki wadogo. Akishikwa mkia, huuzungusha hadi ukatike, na hauoti tena. Ndiyo maana baadhi yao huonekana wakiwa na mkia butu.

Usimchanganye na hawa

Swila huinua kichwa na kutanua shingo. Swila wa msituni, anayepatikana magharibi mwa Kenya, ni muogeleaji hodari. Moma ni mnene, ana kichwa kipana na hutulia tuli hata ukimkaribia.

Mtoto wa swila anaweza kulingana kwa urefu na nyoka huyu asiye na madhara. Kwa hivyo, kumtambua si ruhusa ya kumshika. Mtazame ukiwa mbali, rudi nyuma polepole na umwache aende zake. Watu wengi huumwa wanapojaribu kumuua au kumkamata nyoka. Akiingia nyumbani, wasiliana na maafisa wa KWS.

Ukiumwa na nyoka yeyote

Tulia, vua pete na bangili, na usisogeze kiungo kilichoumwa. Usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba, wala usitegemee jiwe jeusi. Nenda hospitalini mara moja, hata kama unaamini nyoka huyo hakuwa na sumu. Wahudumu wa afya ndio watakaoamua iwapo unahitaji dawa ya kukabiliana na sumu.

Wakati wa kufanya kazi kinamasini, wakazi wanashauriwa kuvaa gambuti na kupapasa nyasi kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono.