Matayarisho ya Vijana Wanaotaka Uofisa wa Jeshi

Wazazi wa Kirumba ambao watoto wao wanatamani kamisheni wanakumbushwa kwamba Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, ambako ofisa mwanafunzi huhitimu kwa cheo cha Luteni Usu, hakiingiwi kwa wepesi wa miguu peke yake. Mbio za alfajiri ufukweni ni jambo jema. Lakini vyeti navyo hukaguliwa. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha shule, marekebisho yaanze mapema RITA, siyo wiki ya usaili. Nafasi ya jeshi haiuzwi. Mzazi asiuze mtumbwi wala nyavu ili kumlipa anayejidai kuwa na jamaa Makao Makuu. Mtu huyo aripotiwe polisi.