Neno Litangulie Hatua: Namna ya Kuongoza Darasa la Mazoezi

Katika vikundi vya mazoezi vya Dar es Salaam, iwe ni vya jogingi ya alfajiri au aerobiki ya jioni ukumbini, kuna kosa la mwalimu linaloonekana upesi: anabadilisha zoezi kwanza, ndipo aseme. Walio mbele wanamfuata, wa katikati wanapigana vikumbo, wa nyuma wanabaki kutazama. Ni rahisi kuwalaumu wanafunzi kuwa ni wazito, kumbe maelekezo ndiyo yaliyochelewa.

Sema mapema, sema kifupi

Muziki wa aerobiki kwa kawaida huhesabiwa nane nane, na nane nne hufanya fungu la 32. Anza zoezi jipya mwanzoni mwa fungu, maana hapo muziki wenyewe hubadilika na masikio ya watu yanategemea jambo jipya.

Sasa tazama muda ulio nao. Muziki ukienda kwa midundo 128 kwa dakika, hesabu 8 huisha kabla ya sekunde 4. Ukisubiri hesabu 4 za mwisho ndipo useme, una sekunde mbili kasoro. "Haya jamani, sasa naomba wote tuhamie upande wa kulia" haiingii hapo. Inayoingia ni hii: "Nne, tatu, kulia, twende!" Unahesabu kurudi nyuma ili kila mtu ajue zimebaki ngapi, na penye "mbili" unaweka mwelekeo.

Zoezi lenyewe likibadilika, litaje kwanza, kisha hesabu na upande. Maelezo ya kulifanya vizuri yasubiri mpaka watu wameshaingia kwenye mwendo.

Jambo moja kwa kila mzunguko

Chukua skwati. Mwalimu mgeni hutaja magoti, mgongo, visigino na pumzi kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayeshika hata kimoja. Yagawe. Mzunguko wa kwanza: "Miguu upana wa mabega." Wa pili: "Makalio nyuma, kama unakalia kigoda." Wa tatu: "Visigino chini, kifua juu." Wa nne: "Vuta pumzi ukishuka, itoe ukipanda."

Hilo la pumzi lisisahaulike. Mtu anayebana pumzi huku akijikaza hupandisha shinikizo la damu ghafla, na darasani huenda wamo wenye presha.

Sema pia unachotaka kifanyike, badala ya usichotaka. Ukisema "Usiingize magoti ndani," mtu ameambiwa kosa lakini hajaambiwa la kufanya. "Magoti yafuate vidole vya miguu" inamaliza kazi.

Mikono nayo iseme

Spika ikizidi au upepo ukivuma, sauti hupotea. Kubalianeni ishara kabla ya kuanza: vidole vinne, vitatu, viwili kuonyesha hesabu zilizobaki, mkono kunyooshwa upande mnaokwenda, kiganja kichwani maana yake tunarudia tangu mwanzo. Inua mkono juu ya kichwa ili wa nyuma nao waone.

Ukiwatazama wanafunzi, kulia kwao ni kushoto kwako. Ukitamka "kulia," wewe nenda kushoto kwako, wao wakuone kama kwenye kioo. Hatua za miguu zikiwa ngumu, wape mgongo mpaka wazishike, kisha geuka uwatazame. Njia nyepesi zaidi ni kutaja kitu kinachoonekana: ukumbini "mlangoni" na "dirishani", ufukweni "baharini" na "barabarani." Hapo hakuna wa kukosea.

Kusahihisha bila kuaibisha

Ukiona kosa, litolee maelekezo kwa wote: "Sote, mabega chini." Likiendelea, msogelee mhusika, simama mahali anapokuona, fanya zoezi taratibu. Asipoelewa, mwambie kwa sauti ya chini: "Mama, sogeza mguu huu mbele kidogo." Usimtaje mtu kwa kipaza sauti. Wala usimshike kabla hajakuruhusu, uliza, "Naomba nikuelekeze mkono?" na akikataa, onyesha kwa mwili wako.

Toa ngazi za zoezi bila kuzipa majina ya dharau. Usiseme "hii ni ya wazee." Sema, "Anayetaka kuruka aruke, anayetaka kutembea atembee," kisha wewe mwenyewe ufanye ile nyepesi kwa muda, ili atakayeichagua asione haya.

Usalama usemwe wazi

Kabla ya muziki, uliza kama kuna mgeni, mjamzito, mwenye presha au mwenye maumivu ya goti au mgongo. Waeleze kipimo rahisi cha mazoezi ya wastani: uweze kuongea, lakini usiweze kuimba. Na watamkie bayana kwamba maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kukuita, hata zoezi likiwa limenoga.

Tunza sauti

Muziki uwe chini ya sauti yako. Ukilazimika kupiga kelele kila dakika, kilichokosewa ni sauti ya spika. Tumia kipaza sauti kinapopatikana, kunywa maji kidogo kidogo, na watu wakishaushika mwendo, nyamaza fungu zima. Maneno yasiyokoma huishia kuwa kelele, na lile la muhimu halisikiki tena.

Jipime

Mwombe mtu arekodi video ya dakika 10 za darasa lako kwa simu, akiwa amesimama safu ya nyuma. Isikilize kwanza bila kutazama picha: je, ungejua la kufanya? Kisha itazame bila sauti: je, ungeweza kufuata? Penye jibu la hapana, ndipo pa kufanyia mazoezi kabla ya kipindi kijacho.