Mama anayerudi kazini: Anunue pampu gani ya maziwa?

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Madaktari nao humshauri amlishe mtoto maziwa ya titi peke yake, bila maji wala uji, kwa miezi sita ya kwanza. Ukitoa mitatu katika sita, inabaki miezi mitatu ambayo mama yuko kazini na mtoto yuko nyumbani na yaya. Katika miezi hiyo mitatu ndipo akina mama wengi wa mijini huanza kununua maziwa ya mkebe, wala si kwa kupenda kwao.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 60 katika kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka wa 2014 walikuwa 61. Ni kweli kwamba tumetoka mbali, kwani uchunguzi wa 2008/09 ulipata watoto 32 tu katika kila 100. Hata hivyo, tangu 2014 hatujasonga mbele.

Akina mama wanaojiandaa kurudi kazini huniuliza: "Daktari, ninunue pampu gani?" Jibu haliko katika uzuri wa kasha wala katika bei. Pampu huchaguliwa kulingana na kazi unayoirudia: utakuwa mbali na mtoto kwa saa ngapi, je, kuna stima, je, kuna maji safi, na je, kuna mahali pa faragha?

Titi lisipokamuliwa

Kwanza inafaa ieleweke jinsi maziwa yanavyotengenezwa. Titi hufanya kazi kwa kufuata mahitaji. Mtoto anaponyonya na kulipunguza, mwili hupata habari kuwa maziwa zaidi yanahitajika. Titi likikaa limejaa kwa saa nyingi, mwili huelewa kwamba maziwa yamezidi, nao hupunguza utengenezaji.

Kwa hivyo mama anayeshinda afisini kutwa nzima bila kukamua asishangae akiona maziwa yanapungua baada ya muda. Isitoshe, titi lililojaa kupita kiasi huweza kuvimba, kuuma na hata kuleta homa. Kazi ya pampu ni kushika nafasi ya mdomo wa mtoto wakati mama hayupo. Inafaa mama akamue takriban kila baada ya saa tatu, yaani mara ambazo mtoto angenyonya.

Je, uache maziwa kiasi gani nyumbani? Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku, ambazo ni kama mililita 30 kwa kila saa. Mama anayetoka Kitengela saa kumi na mbili asubuhi na kurejea saa moja jioni kwa sababu ya msongamano wa magari huwa mbali na mtoto kwa saa 13. Atahitaji kuacha karibu mililita 400. Watoto hutofautiana, lakini hesabu hii itakusaidia kujua kama pampu ndogo itatosha.

Mkono ndio pampu ya kwanza

Kabla ya kutoa pesa, jifunze kukamua kwa mkono. Stima ikipotea au pampu ikiharibika, mkono utakuokoa.

Osha mikono kwa sabuni. Kaa umetulia, ulikande titi polepole kwa dakika moja au mbili. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, karibu na mpaka wa ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma vidole kuelekea kifuani, kisha vibane na kuviachilia. Usivute chuchu, wala usitelezeshe vidole juu ya ngozi. Maziwa yakipungua, hamisha vidole upande mwingine wa titi. Mkunga au muuguzi wa kliniki ya watoto atakuonyesha bila malipo makubwa.

Aina za pampu

Pampu ya mpira. Hii ina mpira wa kubonyeza unaofanana na ule wa honi ya baiskeli. Maziwa hurudi ndani ya mpira huo na ni vigumu kuusafisha. Usiinunue hata ikiwa rahisi namna gani.

Pampu ya mkono. Hii ina kishikio ambacho mama hukiminya na kukiachilia. Haihitaji stima, haina kelele, na ina sehemu chache za kuosha. Inamfaa mama anayekamua mara moja au mbili kwa siku, kwa mfano mwalimu anayefundisha karibu na nyumbani na kurudi adhuhuri kumnyonyesha mtoto. Ubaya wake ni kwamba huuchosha mkono.

Pampu ya umeme. Kuna ya titi moja na ya matiti mawili kwa pamoja. Hii ya matiti mawili humaliza kazi kwa muda wa dakika 15 hivi, na ndiyo inayomfaa mama aliyeajiriwa kutwa nzima, awe karani wa benki, muuguzi wa zamu au mfanyakazi wa kiwandani. Hakikisha ina betri inayohifadhi moto, usije ukategemea stima ambayo hupotea bila kukuarifu.

Pampu ya kuvaa ndani ya sidiria. Hii haina mirija wala nyaya za kuning'inia, na mama anaweza kuendelea na kazi. Bei yake huwa ya juu, na baadhi ya akina mama hupata maziwa machache kuliko wanayopata kwa pampu ya kawaida. Ukiichagua, ijaribu vyema ukiwa bado likizoni.

Kikombe cha silikoni. Hiki hunata kwenye titi na kupokea maziwa yanayodondoka wakati mtoto ananyonya titi la pili. Ni kizuri kwa kuweka akiba nyumbani, lakini si cha kutegemewa kazini.

Mambo ya kukagua dukani

La kwanza ni ukubwa wa faneli, yaani ile sehemu ya plastiki inayowekwa juu ya titi. Pampu nyingi huuzwa zikiwa na faneli ya milimita 24, ilhali chuchu za akina mama hazilingani. Pima upana wa chuchu yako kwa rula, kisha uulize kama kuna faneli za vipimo vingine. Chuchu ikisuguana na kuta za faneli, faneli ni ndogo. Ile sehemu nyeusi ikivutwa kwa wingi ndani, faneli ni kubwa.

La pili ni nguvu ya kuvuta. Lazima uweze kuipunguza na kuiongeza. Akina mama wengine hudhani kwamba nguvu nyingi huleta maziwa mengi. Sivyo. Maumivu huzuia maziwa kushuka. Ongeza nguvu hadi mahali unapoanza kuhisi usumbufu, kisha urudishe nyuma kidogo.

La tatu ni kizuizi kati ya maziwa na mota. Katika pampu zilizofungwa, kuna utando unaozuia maziwa na unyevu kuingia katika mrija na mota. Muulize mwenye duka akuonyeshe utando huo. Akishindwa, nenda duka jingine.

La nne ni vipuri. Vali ndogo za mpira huchakaa, na zikichakaa pampu hupoteza nguvu. Pampu ya bei nafuu isiyo na vipuri mjini itakugharimu zaidi baadaye.

Tahadhari kuhusu pampu za mitumba

Shoga akikupa pampu aliyoitumia, mshukuru lakini uulize kwanza ni ya aina gani. Pampu isiyokuwa na kizuizi huweza kubaki na maziwa na ukungu ndani ya mota, mahali ambapo sabuni haifiki hata ukibadilisha faneli. Viini vya maradhi, vikiwemo virusi, huweza kupitia maziwa au damu ya chuchu iliyopasuka. Pampu kubwa za hospitali zimeundwa zitumiwe na akina mama wengi, na hata hizo kila mama huwa na faneli, mirija na chupa zake.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi na anayemeza dawa zake kila siku hushauriwa kumnyonyesha mtoto wake, na anaweza pia kukamua. Asiache dawa, na azungumze na kliniki yake kabla ya kurudi kazini.

Usafi si jambo la mzaha

Mwaka wa 2016 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aliugua vibaya kwa ugonjwa wa utando wa ubongo. Wachunguzi walipata viini vile vile katika pampu ya mamaye. Mama huyo alikuwa akiloweka sehemu za pampu katika maji ya sabuni kwa saa kadhaa, kisha anazisuuza tu bila kuzisugua. Alidhani anazisafisha.

Kila baada ya kukamua, fungua sehemu zote zilizoguswa na maziwa. Zioshe katika beseni lililotengwa kwa kazi hiyo pekee, wala si ndani ya sinki. Tumia maji moto, sabuni na brashi. Suuza kwa maji safi, kisha uzianike juu ya kitambaa kisafi hadi zikauke kabisa. Mtoto akiwa chini ya miezi miwili au alizaliwa kabla ya wakati, zichemshe kwa dakika tano kila siku. Ikiwa maji ya mfereji kwenu hayaaminiki, nakushauri uzichemshe hata kama mtoto ni mkubwa. Soma kwanza maelezo ya kiwanda ujue ni sehemu zipi zinazostahimili moto.

Kazini kusipokuwa na maji, beba seti mbili au tatu za faneli na chupa, uzioshe zote ukifika nyumbani.

Kuhifadhi maziwa

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya friji mahali pasipozidi nyuzijoto 25. Katika joto la Mombasa au Kisumu yatie kwenye baridi mara moja. Ndani ya mfuko wa baridi wenye vipande vya barafu hukaa saa 24. Ndani ya friji hukaa siku nne, na yawekwe nyuma, si mlangoni. Katika friza hukaa vizuri kwa miezi sita. Andika tarehe juu ya kila chupa na utumie ya zamani kwanza.

Kuyapasha moto, weka chupa katika bakuli la maji ya uvuguvugu. Usiyachemshe, wala usiyatie katika maikrowevu. Mfundishe yaya kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kisafi, kwani kikombe husafishika kwa urahisi kuliko chupa ya chuchu. Maziwa anayoyabakisha yamwagwe baada ya saa mbili.

Haki yako kazini

Pampu bora haifai kitu ikiwa mama hana mahali pa kuitumia. Wengi hujificha msalani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angekubali kuandalia chakula. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, vifungu vya 71 na 72, humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kilicho na mahali pa kunawia mikono, friji au chombo cha baridi, soketi ya stima ya pampu, meza ndogo na viti vya starehe. Chumba hicho kisiwe msalani. Aidha, mama hupewa nafasi ya kunyonyesha au kukamua mbali na saa za chakula, isiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi.

Usingoje siku ya kwanza ya kurudi ndipo uulize. Mwandikie mkuu wako barua majuma kadhaa kabla ya likizo kwisha.

Majuma mawili au matatu kabla ya kurudi, anza kukamua mara moja kila siku, hasa asubuhi baada ya mtoto kunyonya, uzoee pampu na uweke akiba kidogo. Usife moyo siku za kwanza ukipata vijiko vichache tu. Ukiwa nyumbani, usiku na siku za mapumziko, mwache mtoto anyonye kila anapotaka, kwani hakuna pampu inayomshinda. Titi likiwa jekundu, likiuma, au ukipata homa, endelea kumnyonyesha mtoto na umwone daktari siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.